Siku Moja Patiko: Familia za Kambini Nazo Ziende Ngomeni

 

Mwezi uliopita tulitoka hapa Kiryandongo alfajiri, watu tisa, tukarudi usiku. Kesho yake klasta nzima ilikuwa inauliza. Mmoja akauliza kama tumeitwa kwenye intavyuu ya kwenda Marekani. Mwingine akasema lazima kuna orodha mpya imetoka na sisi tumeificha. Mzee wa jirani akaja na kadi yake ya mgao mkononi, akitaka kujua ni ofisi gani ile. Tulipojibu kwamba tulikwenda kutembea tu na mama zetu na watoto, kuangalia ngome ya zamani kule Patiko, watu walicheka. Kijana mmoja akasema, "Mkimbizi anakwenda kutembea? Kwani hajatembea vya kutosha?"

Neno lile lilikuwa la kuchekesha na tulicheka naye. Lakini lilitukaa. Ndiyo sababu tunaandika leo. Sisi tunasema hivi: familia ya kambini ina haki ya siku moja ya matembezi kama familia nyingine yoyote, na tena matembezi ya kwenda mahali penye historia, waende wote, wazee na watoto, si vijana wa mradi peke yao. Na tunasema pia kwamba tukifika huko tusikatiwe historia, wala sisi wenyewe tusiikate. Hili la pili tulijifunza kwa aibu, tutalieleza.

Kwanza jinsi safari ilivyoanza. Mdogo wetu yuko darasa la sita. Alirudi shuleni na daftari lenye jina la Samuel Baker, akatuuliza kama ni kweli ngome yake iko karibu na Gulu. Tukamwambia ndiyo, iko Patiko, kama kilomita 30 kaskazini mwa mji. Akauliza, "Sasa kama iko karibu, mbona mwalimu anachora ubaoni?" Hatukuwa na jibu. Tumeishi Kiryandongo miaka mingi. Tumejaza fomu za kila aina, tumehudhuria warsha za kila aina, lakini hatujawahi kupanda gari kwenda mahali kwa sababu tu tunataka kupaona.

Mama alipinga. Sisi ni watu wa Mahagi, Ituri, na mama anasema Kiswahili cha kwetu. Alisema, "Mawe? Munataka tulipe feza tukaangalie mawe? Feza ya mahindi?" Alikuwa na haki. Tangu mwaka 2020 mgao ulipopunguzwa kwa asilimia 30, na baada ya hapo ukazidi kupunguzwa, kila shilingi ya nyumbani ina kazi yake kabla haijaingia. Hivyo hatukugusa pesa ya chakula. Tulichanga miezi mitatu kutoka kwenye posho zetu za kujitolea, ambazo ni ndogo mnazijua. Tukaongea na dereva wa takisi anayeijua klasta yetu, akakubali bei ya kwenda na kurudi mradi gari lijae. Gari lijae, maana yake tutafute watu.

Ndipo akaingia jirani yetu. Tangu vita vya Sudan vilipoanza Aprili 2023, hapa Kiryandongo wamepokelewa watu wengi wa kutoka Khartoum na Omdurman. Mmoja wao ni mama mwenye watoto watatu aliyepewa kiwanja mlango wa pili na wetu. Tunamwita Khalti, kama watoto wake walivyotufundisha, yaani mama mdogo. Hajui Kiswahili, Kiingereza chake kidogo. Na mama yetu hajui Kiarabu. Wamekaa jirani zaidi ya mwaka wakisalimiana kwa mikono na kuazimana chumvi. Kusema ukweli si kila mtu hapa anaelewana na majirani wa Kisudani. Kwenye bomba la maji maneno huwa yanatoka, na siku nyingine hutoka zaidi ya maneno. Lakini Khalti aliposikia kuna gari linakwenda mahali watoto watakimbia bila kusukumwa, alileta mchango wake siku hiyo hiyo.

Wa tisa alikuwa mwenzetu wa kikundi, kijana aliyekulia Juba. Yeye ndiye mkalimani wetu wa Kiarabu.

Barabara ya kwenda Gulu wengi wenu mnaijua. Pale Karuma nyani wanakaa kando ya lami wakingoja abiria watupe ndizi, na watoto wa Khalti walipiga kelele kama tumefika mwisho wa dunia. Kisha daraja, na chini yake Mto Nile unaochemka mweupe kwenye mawe. Khalti akaangalia dirishani akasema neno moja, "Nil." Mwenzetu wa Juba akamwambia ndiyo, ni ule ule. Yeye amezaliwa mjini ambako mito miwili inakutana na kuwa mmoja, na hapa alikuwa anauona mmoja wa mito hiyo ukiwa bado mbali sana na kwao. Hakusema kitu tena mpaka Gulu.

Baada ya Gulu lami inaisha, inaanza njia ya vumbi. Halafu nyasi, halafu vilima vya mawe. Ngome iko pale juu ya mwamba mpana, mahali panapoitwa pia Ocecu. Ukifika utashangaa kidogo, kwa sababu hakuna mnara, hakuna lango kubwa, hakuna mizinga. Kama umeona picha za Fort Jesus ya Mombasa, ile iliyojengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, usitegemee kitu kama kile. Patiko ni mwamba, ukuta wa mawe uliobomoka, handaki lililochimbwa kuzunguka, na vijumba vya mawe ambavyo vilikuwa maghala. Mama alisimama mlangoni, akatuangalia. Hakusema "mawe" lakini tulilisikia.

Watoto wao hawakungoja historia. Walipanda mwamba, wakateleza, wakapiga kelele kusikia mwangwi. Kwa nusu saa hakuna aliyewaambia "rudi kwenye foleni", hakuna aliyewahesabu. Bibi yetu alikaa chini ya mti na kitambaa chake, akakataa kupanda, akasema magoti yake yameshafanya kazi ya kutosha kutoka Mahagi. Tungesema hata kama siku ingeishia pale, ilikuwa imelipa.

Lakini mwongozaji alikuja. Ni mzee wa pale pale, Mwacholi. Aliongea Kiingereza na sisi, na akimgeukia bibi na mama aliongea Kiacholi, kwa sababu aligundua haraka kwamba sisi ni Waalur. Lugha zetu ni ndugu. Mama hakosi maneno mengi ya Kiacholi, na hili litakuwa na maana baadaye.

Alichotueleza tutakiandika kwa ufupi, kwa ajili ya wenzetu ambao hawajafika.

Kabla ya Baker, pale palikuwa kituo cha wafanyabiashara waliotoka Khartoum. Walikuja kutafuta pembe za ndovu. Walikuwa na bunduki na askari wa kukodi. Walivamia vijiji, wakachukua ng'ombe, wakabadilisha ng'ombe kwa pembe, na wakachukua watu. Watu walikusanywa kwenye ngome, wakafungwa, kisha wakatembezwa kwa miguu kwenda kaskazini mpaka Gondokoro, kwenye Nile karibu na mahali ambapo leo ni Juba. Kutoka hapo mashua, mpaka Khartoum, na wengine mbali zaidi, Misri na ng'ambo ya Bahari ya Shamu. Mwongozaji alituonyesha pango chini ya mwamba ambapo anasema watu walifungiwa, na akatuonyesha alama juu ya jiwe ambazo wazee wake walisema ni alama za shoka, kwa wale waliokataa au walioshindwa kutembea.

Mwaka 1872 akaja Samuel Baker, Mwingereza, lakini akiwa mtumishi wa Khedive Ismail wa Misri, na jeshi la Misri. Mwaka huo huo alikuwa amekwenda Masindi kumwambia Kabalega wa Bunyoro kwamba nchi yake sasa ni ya Misri. Kabalega hakukubali, wakapigana, Baker akaondoka akirudi kaskazini. Alipofika Patiko akapigana na watu wa wale wafanyabiashara, akawashinda, akaifanya ngome kuwa yake. Baada yake Gordon na Emin Pasha waliitumia, mpaka 1888.

Baker alikuja na mke wake, Florence. Waacholi walimwita Anyadwe, binti wa mwezi, kwa sababu ya nywele zake. Sisi tulijua jina la shule la Baker tu, mambo ya Florence hatukuyajua. Inasimuliwa kwamba alizaliwa Ulaya mashariki, familia yake ikapotea katika vita vya 1848 na 1849, akakimbizwa akiwa mtoto mpaka mji wa Vidin, ambao siku hizi uko Bulgaria. Na pale Vidin, mwaka 1859, aliwekwa mnadani auzwe, akiwa msichana tu, Baker akamchukua wakatoroka. Kumbe mwanamke aliyesimama juu ya mwamba ule wakati watu wanafunguliwa kamba, yeye mwenyewe alikuwa mkimbizi na aliwahi kupangiwa bei. Mdogo wetu aliandika hili mara mbili kwenye daftari.

Sasa tufike kwenye aibu yetu.

Mwongozaji aliposema "wafanyabiashara kutoka Khartoum", sisi vijana tulitazamana. Khalti alikuwa amesimama mita mbili kutoka hapo, mtoto mdogo mgongoni, akingoja atafsiriwe. Mwenzetu wa Juba alituangalia, sisi tukamwonyesha kwa macho, apite juu juu. Akatafsiri kwamba zamani watu wabaya kutoka mbali walikuja kuiba watu. Basi. Khalti akatikisa kichwa kwa huruma. Tulifikiri tumefanya jambo la hekima. Tulifikiri mambo ya bomba la maji tumeyaacha Kiryandongo, kwa nini tuyafuate mpaka huku?

Mama ndiye aliyetukamata. Yeye alisikia Kiacholi cha mwongozaji, akasikia jina la Khartoum mara mbili, mara tatu. Kisha akasikia Kiarabu cha mwenzetu, na ndani yake hakuna Khartoum. Akasema kwa sauti, mbele ya wote, "Mbona munamukatia? Ule mama si mtoto. Mwambieni yote vile mzee alisema."

Tukajaribu kumwambia polepole kwamba itamuumiza. Mama akajibu, "Na mimi? Mimi haiumizi? Na bado munaniambia."

Ikabidi mwenzetu arudie, safari hii bila kukata. Khartoum, pembe, kamba, pango, Gondokoro, mashua. Alitafsiri akiangalia chini. Alituambia baadaye kwamba kwake yeye ilikuwa ngumu kuliko tulivyojua, kwa sababu yeye ni mtu wa Juba na njia ile ya Gondokoro inapita kwao. Alisema familia yake ilipokimbia vita ilipita Nimule kuja huku kusini, na kwamba sisi wote tumeipita njia ile ile kinyume. Waliofungwa walitembezwa kwenda Khartoum, na sasa mtu wa Juba na mtu wa Khartoum wamekimbilia huku walikotolewa wale, na wanakula mgao mmoja.

Khalti alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza swali moja, "Walipofika Khartoum, walikaa wapi?" Mwongozaji akasema hajui, yeye anajua upande wa huku tu, waliotoka hawakurudi kusimulia.

Khalti akasema, na hapa tunaandika jinsi tulivyotafsiriwa, kwamba wakiwa watoto Omdurman kulikuwa na watu wa mtaani kwao waliokuwa wanaitwa kwa neno baya. Watoto wote walilitumia, na yeye alilitumia. Hakuna mkubwa aliyewaambia limetoka wapi. Akasema, "Sasa nimeona linakotoka." Akamshusha mtoto mgongoni, akakaa.

Hakuna aliyejua la kusema. Mama yetu ndiye aliyemgeukia mwongozaji, akamuuliza kwa Kialur kama hapa kwao hakukuwa na watu waliosaidia. Yaani wakubwa wa kienyeji, waliowaonyesha wageni njia. Mzee alikohoa. Akasema walikuwepo. Wengine walitaka bunduki ziwapige maadui wao, wengine walitaka ng'ombe. Mama akasema hata kwetu Ituri ni hivyo hivyo, bunduki inatoka mbali lakini mlango inaonyeshwa na jirani. Akataka Khalti atafsiriwe na hilo pia. Halafu akafungua kikapu, akagawa muhogo na samaki, na mtu wa kwanza kupewa alikuwa Khalti.

Hatusemi kwamba siku ile watu walikumbatiana wakalia na mambo yakaisha. Si kweli. Wiki iliyofuata kwenye bomba kulikuwa na kelele kama kawaida. Tofauti ni ndogo: Khalti na mama sasa wanakwenda bombani pamoja. Hawana lugha, lakini wanakwenda pamoja.

Kutoka siku hiyo tuna mambo manne ya kusema.

La kwanza ni kwa nyinyi wa mashirika. Mara nyingi tukipendekeza matembezi ya familia, tunaambiwa hakuna fungu la "starehe". Tunaelewa kwamba pesa zimepungua, tunaona kwenye sufuria zetu. Hatusemi mkate unga mlipe takisi. Lakini tazameni vizuri mlivyonavyo. Kila mwaka kuna vikao vya kuishi kwa amani kati ya jamii, kuna hema, kuna soda, kuna fulana, kuna karatasi ya kusaini mahudhurio. Tumekaa kwenye vikao hivyo, tumetafsiri kwenye vikao hivyo, na tunasema kwa heshima: hatujawahi kusikia pale sentensi kama aliyosema Khalti juu ya mwamba. Pengine ni kwa sababu kwenye hema kila mtu anajua anatakiwa aseme nini. Kule ngomeni hakuna aliyeandikwa "mshiriki". Gari moja la watu tisa lilifanya kazi ambayo hema halijafanya. Jaribuni kuhesabu gharama ya vyote viwili muone.

La pili, msituchukue vijana peke yetu. Tunapelekwa ziara, tunapiga picha na bango, tunarudi. Wazee wanabaki nyumbani kulinda jerikeni. Lakini bila mama yetu siku ile tungerudi na uongo mzuri. Yeye ndiye aliyeelewa Kiacholi, yeye ndiye aliyeuliza swali gumu. Sisi wenye shule tulichagua njia nyepesi. Na bila mtoto wa darasa la sita hata tusingetoka. Kwa hiyo mkipanga, pangeni kwa familia. Bibi akae chini ya mti, hakuna ubaya, yupo.

La tatu ni letu wenyewe, sisi wakalimani wa kujitolea. Wengi wetu tunatafsiri kila siku, kwenye kituo cha mapokezi, kliniki, kwenye vikao. Tuna mazoea ya kupunguza. Mtu anasema maneno ishirini ya hasira, sisi tunapeleka matano ya adabu. Mkubwa anasema hakuna tena msaada, sisi tunasema subirini kidogo. Tunafanya hivyo kwa huruma, na siku nyingine kwa woga. Lakini aliyekatiwa habari amenyimwa nafasi ya kujibu. Khalti angerudi Kiryandongo akiwahurumia watu wa kale, na majirani zake wangebaki wanajua jambo linalomhusu ambalo yeye halijui. Hiyo si amani. Tulimkosea, tumemwomba radhi, na tunawaomba na nyinyi mjiangalie.

Mtu atasema, kwani kumwambia mgeni aliyepoteza nyumba kwamba mji wake ulikuwa soko la watu si kumtwika mzigo mwingine? Swali hili ni zuri, na lilikuwa swali letu. Jibu tulilopata ni kwamba inategemea unamwambiaje na pamoja na nini. Kama ungemwambia bombani kwa kumtukana, umemtwika. Lakini pale aliambiwa yote: kwamba wafanyabiashara walitoka Khartoum, kwamba askari wao wengi walikuwa watu weusi waliochukuliwa wao wenyewe, kwamba wakubwa wengine wa huku walishiriki, kwamba Baker alifungua kamba kwa mkono mmoja na kwa mwingine alikuwa anaitwaa nchi. Historia ikielezwa nusu inatafuta mtu mmoja wa kulaumu. Ikielezwa yote kila mmoja anapata sehemu yake, na hakuna anayebaki peke yake.

La nne ni kuhusu majina. Pale ngomeni kuna kibao. Kimeandika Fatiko, 1872 mpaka 88, kwamba ilianzishwa na Baker, ikakaliwa na Gordon na Emin. Watu watatu. Wafanyabiashara waliokuwepo kabla hawatajwi, na aliyefungwa pangoni hatajwi hata mmoja. Mdogo wetu aliuliza, "Wale wengine hawakuandikwa?" Mwongozaji akamwambia hapana. Yeye mwenyewe aliwahi kuishi kambini, wakati wa vita vya kaskazini mwa Uganda, pale ambapo zaidi ya watu milioni 1.5 walikuwa wamefukuzwa vijijini kwao na kuwekwa kwenye kambi ndani ya nchi yao. Anajua kadi na foleni. Alisema, "Kambini kwetu pia waliandika idadi."

Sisi ni kizazi chenye namba ya kaya na alama za vidole. Tumeandikwa sana, lakini na watu wengine. Ndiyo maana tunaandika hapa. Na ndiyo maana tunataka watoto wetu waone kibao kile kwa macho yao, waone aliyemo na asiyemo.

Tunajua pia tuna bahati. Uganda, kwa sheria ya wakimbizi ya 2006, mkimbizi anaruhusiwa kutembea ndani ya nchi. Nyinyi mlio Tanzania mtatuambia kwamba kutoka nje ya kambi kunahitaji kibali, na wa Kenya mna mambo yenu ya pasi. Hatuwacheki. Tunasema tu, mkidai ruhusa ya kutoka kwa ajili ya kazi na matibabu, msione haya kuongeza matembezi kwenye orodha. Anayetembea kwa furaha naye ni mtu.

Na mahali hapakosekani. Wa Kyangwali, Hoima iko jirani yenu na pale Mparo ndiko alikozikwa Kabalega, yule yule aliyemkatalia Baker. Alikamatwa 1899, akapelekwa uhamishoni Shelisheli, akafa 1923 akiwa njiani kurudi nyumbani. Kama kuna mtu anayeelewa kungoja kurudi, ni yeye. Wa Nyarugusu, mko mkoa mmoja na Ujiji, ambako misafara ya kutoka upande wetu wa Kongo ilivuka ziwa kabla ya kutembezwa mpaka Bagamoyo. Wengi wenu mmevuka ziwa lile lile. Siku mkipata ruhusa, nendeni na bibi zenu.

Tumalizie na makosa yetu mengine ili nyinyi msiyarudie. Tulibeba maji machache, kule jua ni kali na duka liko mbali. Tulianza na picha kabla ya salamu, mzee mwongozaji hakupenda. Hatukumpangia bibi kiti. Na tulichelewa kuondoka, tukapita Karuma gizani, dereva akanung'unika njia nzima.

Usiku ule tulipofika, mdogo wetu alilala na viatu. Daftari lake tulilifungua asubuhi. Chini ya jina la Baker aliandika Florence, chini ya Florence akaandika, "na watu wengine wengi". Mwalimu alimwekea alama ya swali kwa kalamu nyekundu. Mama alipoonyeshwa alisema alama ile ni sawa, na tena sasa anauliza mwezi ujao tunakwenda kuona mawe gani.

Tuandikieni. Karibu na kambi yenu kuna ngome gani, kaburi gani, bandari gani? Nani ana ufunguo wa kuingia, na nani katika familia yenu mtamchukua kwanza?